BMI yangu 27.6, nesi kaniandikia “uzito uliozidi”. Mimi nabeba zege kutwa nzima, umezidi wapi?

Zege la Kigamboni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Jumamosi kulikuwa na zoezi la kupima afya bure mtaani kwetu. Mimi si mtu wa hospitali, ila nilikuwa napita na ndoo yangu ya vifaa, nikaona foleni fupi, nikasema ngoja nami nijipime. Nikapanda mzani, nikasimamishwa kwenye kile kibao cha urefu, nesi akaandika kwenye kikaratasi: urefu 168, uzito 78, BMI 27.6. Mbele yake akaandika “uzito uliozidi”. Nikamuuliza, dada, maana yake nini hii? Akasema “punguza kula”, akaita anayefuata. Imeisha hiyo.

Wakuu, mimi ni fundi ujenzi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 naupandisha ghorofa ya pili kwa ngazi za mirunda, tena nikiwa napiga stori. Mkono wangu ukiushika ni nondo. Leo naambiwa uzito umezidi na mtu ambaye hakuniangalia hata usoni.

Nimejaribu kupiga hesabu mwenyewe kwenye simu, nikapata 0.0027. Nikajaribu kwa njia nyingine, nikapata 78 ile ile niliyoanza nayo. Sasa hiyo 27.6 wameitoa wapi? Wataalamu shukeni.

---

Mzee wa Hoja

Hayo mambo ya wazungu hayo. Babu yangu alikuwa na tumbo kama pipa na alikufa na miaka 91. Kula chakula chako kijana.

---

Dereva wa Tandika

Mkuu afadhali wewe. Mimi nimepiga sasa hivi baada ya kusoma uzi wako: kilo 82, urefu 5.6, BMI imetoka 2.6. Niko hai kweli mimi?

---

Dada Lishe

Kaka Zege, pole kwa kujibiwa hivyo. Mimi ni afisa lishe, kazi yangu ya kila siku ndiyo hii, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Kwanza hesabu. BMI ni uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu mara urefu, na urefu lazima uwe kwa mita, si sentimita. Wewe ni mita 1.68. Ile 0.0027 ulipata kwa sababu uliweka 168. Ile 78 uliipata hivi, bila shaka: ulibonyeza 78 gawanya 1.68 zidisha 1.68, simu ikagawanya kisha ikakurudishia kilekile. Njia rahisi ambayo hukosei: gawanya mara mbili. Andika 78, gawanya kwa 1.68, utaona 46.4 na ushee. Hiyo usiifute, igawanye tena kwa 1.68. Utaona 27.6. Nesi hakukosea hesabu.

Kaka Dereva, futi tano na inchi sita si 5.6. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo wewe ni inchi 66. Zidisha kwa 2.54 upate sentimita, inakuja 167.6, yaani mita 1.68 kama Zege. Gawanya 82 mara mbili kwa 1.68: ni 29. Uko hai, ila njoo tuongee.

Vipimo vya Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni hivi: chini ya 18.5 uzito ni pungufu. Kuanzia 18.5 mpaka 24.9 ni wa kawaida. 25 mpaka 29.9 uzito umezidi. 30 kwenda juu ndiyo kiribatumbo, nacho kina ngazi zake, ya pili inaanzia 35 na ya tatu 40. Hivyo ndivyo tunavyotumia hata huku kwetu.

Sasa umeuliza kuhusu nondo za mkononi. Swali lako ni la haki kabisa. BMI haijui kilo hizo 78 ni za nini. Mzani haujui misuli, haujui mafuta, haujui maji. Mtu wa urefu wako mwenye kilo 78 anaweza kuwa bondia na anaweza kuwa karani anayeshinda kwenye kiti, wote wataandikiwa 27.6. Kwa hiyo siwezi kukuambia nesi kakuonea, na siwezi kukuambia yuko sahihi. Nahitaji namba nyingine moja. Kiuno chako kina sentimita ngapi?

---

Zege la Kigamboni

Asante sana dada, nimegawanya mara mbili imekuja 27.64. Kumbe!

Kiuno navaa suruali namba 34. Hiyo ni inchi. Kwa sentimita ni kama 86. Na hiyo 34 sijaibadilisha tangu nioe, mwaka wa tisa huu. Kwa hiyo mimi ni misuli tu, si ndiyo?

---

Mwili Mwepesi

Kitambi kinakusumbua? Tuna chai ya majani ya asili, siku 7 tu tumbo linakwisha. Njoo PM nikupe bei ya ofa.

---

Mama Wawili

Mwili Mwepesi, chai yako hiyo ni ya kuharisha. Nilishakunywa mimi. Siku ya tatu nilikuwa naishi chooni, kweli mzani ulishuka kilo mbili, nikala wali kuku zikarudi zote Jumapili. Yalikuwa maji.

---

Fundi Cherehani wa Darajani

Assalaam alaykum nyote. Mie si daktari, mie nashona hapa Unguja mwaka wa ishirini na sita huu, lakini hilo la suruali namba 34 nakuomba ndugu yangu Zege uniachie mie.

Wanaume wote wanaokuja kwangu na vitambi wananambia kama wewe: “Mimi fundi kiuno changu hakijabadilika.” Kweli, hakijabadilika, kwa sababu suruali yako imeshuka! Ulipooa ulikuwa unafunga mkanda kwenye kitovu. Sasa unafunga chini ya tumbo, juu ya mfupa wa nyonga, na mfupa haunenepi. Tumbo linaning'inia mbele ya mkanda, suruali iko palepale 34. Mie nalijua hilo kwa kitu kimoja, kina cha mbele. Zamani suruali ya mtu nilikuwa nakata kina cha mbele kirefu, sasa ananambia fundi punguza, inanipanda. Haikupandi, wewe ndiye uliyeishusha.

Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini, si tepu ya chuma ya ujenzi. Vua shati. Zungusha kwenye kitovu. Usibane tumbo kama unapigwa picha ya pasi. Utuletee namba hapa.

---

Dada Lishe

Fundi umenifurahisha. Kesho nakunukuu kazini.

Naongeza kidogo tu: pa kupimia hasa ni katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, upande. Vigusie vyote viwili kwa kidole, chukua katikati yake. Kwa wengi panakaribiana na kitovu, lakini kwa mwenye tumbo lililoning'inia kitovu nacho hushuka. Futi ilale sawa mbele na nyuma, isikate nyama. Pumua nje kawaida, ndiyo usome.

Kwa nini nahangaika na kiuno? Mafuta ya mapajani na makalio yanakaa chini ya ngozi, hayana ugomvi mkubwa na mtu. Mafuta ya tumboni yanakaa ndani, yamezunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayokwenda na kisukari na presha. Ukiwa mwanaume, sentimita 94 ni taa ya njano, 102 ni nyekundu. Mwanamke 80 na 88. Na kuna kipimo cha haraka ambacho hakihitaji hata namba kichwani: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Kata kamba sawa na urefu wako, ikunje katikati iwe nusu, izungushe kiunoni. Isipofika, tuongee.

---

Zege la Kigamboni

Wakuu nimerudi. Wife ndiye kapima, na futi ya jirani anayeshona.

97.

Nimemwambia apime tena. 97. Mara ya tatu akaanza kucheka akashindwa kusoma. Nusu ya urefu wangu ni 84. Kamba haikukutana, imeacha nafasi ya kupita kiganja.

Fundi wa Darajani, wewe ni mtu mbaya sana.

---

Fundi Cherehani wa Darajani

Hahaha! Karibu Unguja nikushonee kanzu, huko hakuna kiuno.

---

Mtanga Ughaibuni

Wadau, ngoja niwachanganye kidogo. Mimi nipo Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja. Nilipojiandikisha kwa daktari wa hapa nilikuwa na BMI 24.1. Nikajua niko salama, maana chini ya 25. Daktari akaniambia hapana, kwa wewe mwenye asili ya Afrika mstari wetu ni 23, umeshavuka. Na 30 ya kwenu, kwetu kwa watu kama wewe tunahesabu 27.5.

Nilidhani ananibagua, nikaenda kusoma. Kumbe ndio mwongozo wao kweli. Kwa watu wenye asili ya Asia ya Kusini, Uchina, Mashariki ya Kati, Afrika na Karibiani wanashusha mstari, kwa sababu waligundua kisukari kinatukamata kwa uzito mdogo kuliko unaowakamata Waingereza weupe.

Sasa Zege, wewe una 27.64. Hapo Kigamboni wewe ni “uzito uliozidi”. Ukitua hapa kwetu na ndege ya asubuhi, mchana wewe ni mwenye kiribatumbo. Na hujala hata ile sandwichi ya ndani ya ndege.

---

Zege la Kigamboni

Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Kwa hiyo nanenepa kwa nauli?

Lakini sasa mnanichosha. Kama namba inabadilika kwa nchi, si ndiyo ushahidi kwamba ni ya kubuni?

---

Mzee wa Hoja

Nilisema mimi. Nilisema mapema kabisa.

---

Dada Lishe

Mzee wa Hoja shikamoo, ila subiri kidogo.

Namba haijabadilika. Zege ni 27.64 Kigamboni, Leicester na hata mwezini. Kilichobadilika ni mstari, na mstari huchorwa na watu. Sikatai hilo, na ninadhani tukiwaambia wagonjwa ukweli huu mapema wangetuamini zaidi, badala ya kuwatajia 25 kana kwamba imeshuka na mvua.

Aliyeianzisha hesabu yenyewe hakuwa daktari hata kidogo. Ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtu wa nyota na takwimu. Miaka ya 1830 alikuwa anamtafuta “mtu wa wastani”, akaona kwa watu wazima uzito unakua kufuatana na urefu mara urefu. Hakuwa na habari ya kisukari cha mtu yeyote. Hesabu ikalala zaidi ya miaka mia, mpaka Mmarekani Ancel Keys alipoifufua mwaka 1972 na kuipa jina hili la BMI. Alilinganisha hesabu mbalimbali kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo, akaona hii ndiyo nyepesi na haina ubaya kuliko nyingine. Wanaume tupu. Akina mama hatukuwemo.

Na mstari wenyewe umehama hata kule kwao. Marekani kabla ya 1998 mwanaume alihesabiwa amezidi akifika 27.8, mwanamke 27.3. Mwaka huo wakashusha wote kuwa 25, ili walingane na Shirika la Afya Duniani. Mamilioni ya watu walilala wakiwa wa kawaida wakaamka wamezidi. Zege, angalia namba yako: wewe na hiyo 27.64 ungekuwa Marekani mwaka 1997 ungeandikiwa “kawaida” na kuambiwa uende nyumbani.

Mwili mmoja, kilo zile zile: kawaida, umezidi, kiribatumbo. Inategemea umesimama wapi na mwaka gani.

Ila kiuno chako cha 97 hakina uraia. Hicho ndicho ninachokuulizia.

Januari 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa lilitoa ripoti katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology likasema kwamba BMI peke yake isitumike kumwambia mtu ana ugonjwa. Itumike kuchuja watu, kisha upime kiuno au mafuta yenyewe, halafu uangalie kama viungo vimeanza kuathirika. Kwa aliyevuka 40 ndiyo hawakuona haja ya kubishana. Kwa hiyo namba ile ilipaswa kumfanya nesi akuulize maswali matatu manne, na siyo kukuambia “punguza kula”. Hapo ndipo ulipoonewa.

---

Muhaya Mstaafu

Nimesoma uzi wote kwa utulivu. Naomba niseme jambo ambalo vijana wengi hamkuliona.

Mimi ni wa Bukoba. Miaka ya themanini ugonjwa huu mnaouita leo Ukimwi ulipoingia kwetu hatukuwa na jina lake, watu waliuita Juliana. Ulichokiona ni mtu kukonda. Jirani anakonda, unajua. Nguo zinaanza kumpwaya shingoni, unajua, na hamsemi kitu. Tangu hapo kwetu kukonda ni habari mbaya na kunenepa ni habari njema. Mama yangu mzazi mpaka anafariki alikuwa akiniona nimepungua kilo mbili anauliza kwa sauti ya chini, “Baba, uko salama?”

Kwa hiyo huyo Mzee wa Hoja msimcheke sana. Anayekwambia kula unenepe, pengine anakumbuka mazishi.

---

Mama Wawili

Mzee wangu shikamoo, umenigusa. Mimi niko Mwanza. Baada ya mtoto wa pili nilikuwa na kilo 91, urefu 1.62. Nimepiga sasa hivi kwa njia ya kugawanya mara mbili, ilikuwa 34.7. Presha ilianza kupanda. Nikaacha soda, nikaacha kula usiku wa manane, nikawa natembea mpaka kazini, mwaka mzima na ushee. Leo nina kilo 72, hiyo ni 27.4, na presha imetulia.

Mnajua nilipata nini? Wifi yangu alikuja nyumbani akanivutia jikoni, “Wifi, umepima?” Kanisani wakaanza kuniwekea mkono kichwani. Mwenye duka akasema mume wangu hanitunzi. Hakuna hata mmoja aliyesema hongera. Nilikaribia kurudia chipsi mayai ili watu waniache.

---

Dada Lishe

Mama Wawili, hongera. Ya kwangu iandike ya kwanza. Na uone, kwa jedwali bado “umezidi”, lakini umeshuka zaidi ya moja ya tano ya uzito wako. Faida ya presha na sukari huanza kuonekana mtu akishusha asilimia tano tu. Ningekuwa nakuona kliniki nisingekusumbua na 25.

---

Mwana Kibokoni

Hamjambo nyote, salamu kutoka Mombasa. Mimi swali langu ni la mtoto. Kijana wangu ana miaka tisa, kilo 26, urefu mita 1.32. Nimemgawanya mara mbili nimepata 14.9. Kwa orodha ya dada hapo juu huyo ni “pungufu”, na mbali kabisa. Mamake ashaanza kumfukuza na kijiko cha mafuta ya samaki nyumba nzima. Nifanyeje?

---

Dada Lishe

Mwambie mama aweke kijiko chini! Orodha ile ni ya watu wazima tu. Mtoto anakua, na BMI ya kawaida hupanda na kushuka kadiri ya umri, kwa hiyo mpaka miaka 19 tunasoma kwenye chati ya umri na jinsia. Mvulana wa miaka tisa, 14.9 iko ndani ya kawaida kabisa. Ni mwembamba kidogo kuliko mtoto wa katikati, basi. Cha kuangalia kwake ni kama anaendelea kurefuka na kuongezeka. Kwa wadogo, miezi sita mpaka miaka mitano, tunaweka na ule utepe wa rangi kwenye mkono: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huyo anahitaji matibabu bila kusubiri.

Na wengine ambao orodha ile itawadanganya: mjamzito (yeye tunatumia uzito wa kabla ya mimba), mtu aliyevimba miguu au tumbo kwa maji, aliyekatwa kiungo, na bibi aliyepinda mgongo. Bibi akipungua sentimita sita kwa kupinda, BMI yake inapanda bila kula hata kipande cha mhogo.

---

Dereva wa Tandika

Dada, na mimi nimepimwa na yule kijana wa mzani pale stendi, anayepiga kipaza sauti “pima uzito pima urefu”. Kanitoza mia tano. Kasema nina kilo 79. Nyumbani mzani wangu ulisema 82. Nimtafute anirudishie?

---

Dada Lishe

Ulikuwa umevaa nini, na mzani ulikuwa umewekwa juu ya nini?

---

Dereva wa Tandika

Jinzi, buti, funguo za gari, simu mbili mfukoni. Mzani ulikuwa juu ya kipande cha boksi, chini mchanga.

---

Dada Lishe

Basi hapo ndipo kilo tatu zilipozama. Mzani ukikaa juu ya boksi, zulia, mkeka au mchanga hausomi sawa, mara nyingi husoma pungufu. Uweke kwenye sakafu ngumu. Pima asubuhi, umeshatoka chooni, nguo nyepesi, na mzani uwe huohuo kila mara. Ukipima leo kwa huu kesho kwa ule, utafurahi na kuhuzunika bure.

Ila kosa baya zaidi liko kwenye urefu, kwa sababu urefu unagawanywa mara mbili. Chukueni Zege. Wakikosea sentimita mbili kwenda chini, 166, anakuwa 28.3. Wakikosea mbili kwenda juu, 170, anakuwa 27.0. Buti la ujenzi peke yake linakupa sentimita tatu. Wanawake wenzangu, nywele za kusuka kwa juu na kilemba vinahesabiwa kama mfupa msipovishusha. Simama ukutani: visigino, makalio, mabega na kisogo, macho yatazame mbele. Mwenzako alaze kitabu kigumu kichwani kikiwa kimegusa ukuta, atie alama ya penseli. Kisha pima kutoka sakafuni. Hapo ndipo tepu ya chuma ya Zege inapofaa.

---

Mtanga Ughaibuni

Nimejipima sasa hivi kwa njia hii. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiandika 1.75. Ni 1.72. Sina la kusema.

---

Zege la Kigamboni

Wakuu, mrejesho, wiki mbili zimepita.

Nilienda zahanati. Sikutaka, wife kanipeleka. Presha mara ya kwanza 148 kwa 94. Daktari, kijana mdogo lakini mstaarabu, akaniambia kipimo kimoja hakitoshi, nirudi. Nikarudi baada ya wiki, 144 kwa 92. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 5.4, akasema hiyo iko salama. Hakunipa dawa kwanza, kanipa miezi mitatu, nirudi kila baada ya wiki mbili.

Akaniuliza nakula nini saiti. Nikamwambia. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi manne. Saa nne soda na mkate. Mchana ugali. Saa kumi chai tena. Jioni nikifika, chai, kisha ndiyo chakula. Akauliza kila kikombe cha chai vijiko vingapi vya sukari. Nikasema vitatu vya kujaa, au vinne nikiwa nimechoka. Akachukua karatasi akahesabu, akanigeuzia niisome. Hakusema neno.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa najiona nafanya kazi ngumu. Akaniuliza mara ya mwisho kubeba saruji mwenyewe ni lini. Nikafikiri. Tangu nianze kuchukua tenda mwenyewe, wanaobeba ni vijana. Mimi nasimama na pimamaji. Ghorofa ya pili nilipandisha mfuko lini? Mwaka juzi.

---

Mzee wa Hoja

Zege pole kijana. Na mimi nimepima kiuno hapa, sitataja namba. Dada Lishe, yule babu yangu wa miaka 91 alikuwa mkulima, alitembea kila siku shambani kwenda na kurudi, soda alikunywa Krismasi. Hilo nilisahau kuliandika.

---

Zege la Kigamboni

Mrejesho wa pili, leo imetimia miezi mitatu.

Sukari kijiko kimoja, chai mara mbili. Soda nimeacha. Ugali naukata nusu, mboga za majani naongeza. Mifuko miwili ya kwanza ya siku nabeba mwenyewe, vijana wanashangaa bosi kapatwa na nini. Mzani ule ule wa zahanati: 75.5. Nimegawanya mara mbili, 26.75. Kiuno 93, kapima wife, safari hii hakucheka. Presha 136 kwa 86. Daktari kasema niendelee hivihivi, nirudi baada ya mwezi.

Mtanga, kwenu Leicester naona nimeshashuka chini ya 27.5. Niandalie chumba.

Fundi wa Darajani, nina shida na wewe. Suruali zote sita zinanivuka. Nimezitoboa matundu kwenye mkanda mpaka ncha inazunguka nyuma. Nipunguze kiuno?

---

Fundi Cherehani wa Darajani

Hapana, usikimbilie kwa fundi wa mtaani akazikata. Zitume kwa boti. Nakuchukulia inchi moja na nusu kwenye mshono wa nyuma, kitambaa cha ziada nakiacha ndani sikikati. Ukitaka za kufunga mkanda kwenye kitovu kama zamani, hizo nitakushonea mpya, kina cha mbele kirefu.